Mubirizi hushusha homa, malaria hubaki damuni

Ukifika soko la Nyanza-Lac asubuhi, kabla jua la ziwani halijakolea, utawakuta akina mama wauza majani wameketi nyuma ya wauza ndagala. Hawana meza wala mizani. Kila mmoja ametandika kipande cha gunia na juu yake amepanga mafungu: mchaichai, mwarobaini, majani ya mpera. Fungu kubwa kuliko yote mara nyingi ni la majani ya kijani kilichokolea, ambayo ukiyashika kisha ukajifuta mdomo kwa kusahau, uchungu wake utakaa nawe mpaka mchana. Hayo ndiyo majani ya mubirizi.

"Mwalimu, leo unapita kama mgeni?" aliniita mmoja wao, mama mtu mzima ambaye wajukuu zake nimewafundisha.

Nikarudi nikamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chukua fungu moja. Kwa mvua hizi, homa haziko mbali."

Nilimuuliza siku hizi wanunuzi wake ni akina nani. Akanionyesha mfuko wa karatasi uliojaa majani makavu, ameuweka kando asije akamuuzia mtu mwingine. "Haya ni ya wanaovuka," akasema. "Wanaokwenda Manyovu na Kigoma. Wananiambia homa ikiwakamata njiani hawana muda wa kukaa foleni ya zahanati na mzigo uko juani. Wanatafuna, wanaendelea na safari."

Makala haya nayaandika kwa ajili ya hao wanaotafuna na kuendelea na safari. Siyaandiki kwa kuwacheka. Mimi mwenyewe nimenyweshwa mubirizi tangu sijajua kusoma, na mpaka leo uzio wa nyumba yangu ni mubirizi. Lakini mwaka 2017 imani yangu juu ya mti huu nusura inipotezee binti yangu, na tangu hapo nimejitahidi kujua hasa ndani ya majani yale kuna nini, na hakuna nini.

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu una majina mengi na si kila msomaji atakuwa anaujua kwa jina la huku kwetu. Kwa Kirundi na Kinyarwanda ni umubirizi. Wahaya wa Bukoba na Wanyankore wa Uganda wanauita kwa jina linalokaribiana sana na hilo. Waganda husema omululuza, Wajaluo husema olusia, na Watongwe wanaoishi kandokando ya milima ya Mahale, mashariki ya Ziwa Tanganyika, husema mjonso. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Vernonia amygdalina, na katika vitabu vya siku hizi utakuta pia Gymnanthemum amygdalinum. Ni wa ukoo mmoja na alizeti, ingawa ukiviweka viwili hivyo pamoja hutadhani. Hauhitaji mbegu: unakata tawi, unalichomeka ardhini wakati wa mvua, limeshika. Ndiyo maana kwetu ulikuwa uzio kabla ya kuwa dawa. Nyuki nao wanayapenda maua yake.

Huko Afrika Magharibi wameufanya mboga. Chakula mashuhuri cha Kameruni kiitwacho ndolé ni majani haya haya, yanafikichwa na kuoshwa mara kadhaa mpaka uchungu upungue, kisha yanapikwa kwa karanga. Niliposimulia habari hiyo nyumbani, mama yangu mzazi alinitazama kwa huruma. "Wanaosha uchungu wote?" akauliza. "Sasa kinachobaki kinatibu nini?"

Swali lake si la mzaha, na nitalirudia baadaye.

Nilizaliwa Mishamo mwaka 1980. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa vijana, na mwishoni mwa miaka ile ya 1970 wakapelekwa pamoja na wenzao kwenye makazi mapya katikati ya pori la miombo, upande wa Mpanda. Wenye umri wangu waliokulia Mishamo, Katumba au Ulyankulu wanakumbuka tulivyoishi: shoka, jembe, mbung'o mchana na mbu usiku. Mama husimulia kwamba siku alipouona mti wa mubirizi kando ya mto, katika nchi ambayo hakujua hata jina la ndege zake, alikaa chini akalia. Alikata matawi akayachomeka nyuma ya nyumba kabla baba hajamaliza kuezeka paa.

Zahanati ilikuwepo, ila ilikuwa mbali, na dawa yake ilikuwa klorokwini iliyotuwasha mwili mzima tukajikuna kama tumepita kwenye upupu. Kwa hiyo ukipata homa, kwanza ni mubirizi. Mama alitwanga majani mabichi, akayaloweka kwenye maji baridi, akachuja kwa kitambaa. Nusu kikombe. Unaziba pua, unameza, unapewa kipande cha muwa, unafunikwa blanketi. Unatoka jasho usiku kucha, na kesho yake au keshokutwa uko darasani. Ndivyo tulivyokua. Tanzania ilipoacha kutumia klorokwini mwaka 2001, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeshaizoea, mama alisema kwa majivuno kwamba mubirizi wake haujawahi kuzoeleka.

Nilichokuwa sijui ni kwamba miaka ile ile ya utoto wangu, magharibi ya Mishamo, kwenye milima ya Mahale, watu wengine walikuwa wanauchunguza mti huo huo. Watafiti wa Kijapani walikuwa wakiwafuatilia sokwe wa Mahale tangu mwaka 1965, na eneo hilo likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Novemba 1987, Mmarekani mmoja aliyesomea Japani, Michael Huffman, alikuwa porini na Mtongwe mwenyeji wa huko, Mohamedi Seifu Kalunde, mfanyakazi wa hifadhi na mtu wa ukoo unaojua dawa. Walikuwa wakimfuata sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Alikuwa mgonjwa: amelegea, analala mchana, hawachezi wenzake, hata mwanawe anamlilia bila kujibiwa. Chausiku akaenda kwenye mti, akavunja machipukizi, akamenya gamba kwa meno, akatupa majani, akaanza kutafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake. Mti wenyewe ulikuwa mjonso.

Mohamedi ndiye aliyemwambia mwenzake kwamba huo si chakula. Ni dawa kali, na watu wake wanaitumia kwa homa na tumbo. Kesho yake mchana Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu, anakula na kutembea kama kawaida. Wawili hao waliandika habari hiyo kwa pamoja katika jarida la kitaalamu mwaka 1989. Miaka michache baadaye alionekana sokwe mwingine jike akifanya vilevile, na safari hii kinyesi chake kilipimwa kabla na baada. Mayai ya minyoo ya utumbo yalikuwa 130 kwa kipimo, na baada ya saa 20 yalikuwa yameshuka hadi 15.

Huyo Mohamedi alikuwa na babu aliyekuwa mganga mashuhuri, na inasimuliwa kwamba babu huyo alijifunza dawa moja ya kuhara damu kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akichimba mizizi. Napenda sana kuwasimulia wanafunzi wangu habari hii. Wengi wao wanafikiri elimu ni kitu kinachoshuka kutoka Ulaya kwa ndege.

Wakemia wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliupima mti huo. Waligundua kemikali za aina mbili zinazohusika. Aina moja iko kwa wingi katika kiini cha ndani, kile alichokitafuna Chausiku. Aina ya pili, ambayo mashuhuri kati yake inaitwa vernodalini, iko kwa wingi katika majani na gamba. Hiyo ina nguvu zaidi dhidi ya vimelea, lakini pia ina sumu. Ndiyo maana, wanavyodhani watafiti, sokwe huyatupa majani. Msomaji ataona mara moja kasoro iliyopo: sokwe anatupa majani, sisi tunatwanga majani. Hilo halina maana kwamba waliotutangulia walikosea. Lina maana kwamba kipimo ni muhimu, na nusu kikombe cha mama hakijawahi kupimwa na mtu yeyote isipokuwa mama.

Hadithi ya Chausiku nilikuja kuisoma nikiwa mtu mzima, nimesharudi Burundi mwaka 2009. Sitaeleza kirefu maisha ya mwalimu aliyehunguka na cheti cha Kiswahili na Kiingereza katika nchi ambayo ofisi zake zilikuwa zinaandika Kifaransa. Wenzangu wanajua, na wasiojua hawatadhurika. Nasema tu kwamba nilipoisoma nilifurahi kupita kiasi. Mti wa mama yangu umo katika majarida ya wataalamu! Niliusimulia darasani, niliusimulia harusini. Na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Machi 2017 Waziri wa Afya wa Burundi alitangaza kwamba malaria imefikia kiwango cha mlipuko. Mwaka 2016 pekee wagonjwa zaidi ya milioni 8 walikuwa wameandikwa, katika nchi yenye watu milioni 11 hivi. Huku kwetu ziwani hakukuwa na nyumba isiyo na mgonjwa.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Siku ya Ijumaa jioni alichemka. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, tumpeleke kituoni." Hakukuwa na kisingizio cha fedha, maana nchini mwetu matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure tangu mwaka 2006. Lakini foleni zilikuwa zinaanza alfajiri, na mama yangu alikuwa tayari yuko nyuma ya nyumba anachuma majani. Mimi, msomi wa familia, ndiye niliyekata shauri. Nikasema tumpe siku mbili.

Jumamosi homa ilishuka. Akala ugali kidogo. Jumapili alicheza na mbuzi mlangoni. Nikamwambia mke wangu, "Unaona?" Neno hilo moja bado linanirudia nikilala.

Jumatatu magharibi alipata degedege. Macho yalipanda juu, meno yakaumana. Mama akaanza kulia akisema mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Ndivyo walivyoamini Mishamo, na wengi wanaamini mpaka leo. Mke wangu hakumsikiliza yeyote. Alimfunga mtoto kwa kitenge, akapanda pikipiki ya jirani, nikawafuata kwa miguu gizani.

Hospitalini walimtoboa kidole, wakachukua tone la damu, na baada ya dakika chache mistari miwili ikaonekana. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Alichomwa sindano ya artesunate na usiku ule ule akaongezwa damu.

"Homa ilianza lini?" daktari aliniuliza.

"Ijumaa."

"Leo Jumatatu. Siku zote hizo mlikuwa mnampa nini?"

Nilimwambia. Nilitegemea atanifokea, maana nilistahili. Hakufoka. Alisema kwamba kwao pia kuna mubirizi mlangoni, na kwamba wiki ile alikuwa amewapokea watoto kadhaa wenye kisa kama changu. Kisha, alfajiri, kazi ilipopungua, alinieleza jambo ambalo natamani kila mzazi angelielezwa kabla ya kufika pale.

Vimelea vya malaria hii yetu kali huingia kwenye chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, na kila baada ya saa 48 hivi hupasua chembe na kuingia nyingine. Homa ni moshi tu. Moto uko kwenye damu. Dawa inayoshusha homa, iwe ya kienyeji au panadol ya dukani, inaweza kuondoa moshi huku moto unaendelea. Siku mbili za nafuu alizopata binti yangu zilikuwa za kweli. Alicheza kweli, alikula kweli. Lakini chembe zilikuwa zinapasuka, na mtoto wa miaka minne hana damu ya akiba.

Nikamuuliza: mbona sisi tulipona? Mbona Mishamo nzima ilipona?

"Uliwahesabu waliopona," akasema. "Waliokufa uliwahesabu?"

Nilikaa kimya. Niliwakumbuka wadogo zangu wawili waliozikwa Mishamo, ambao nyumbani ilisemwa siku zote kwamba walichukuliwa na degedege.

Kuna jambo jingine alilonifafanulia. Mtu mzima aliyekulia penye malaria ameumwa mara nyingi, na mwili wake umejifunza kupigana. Hauzuii ugonjwa, ila huupunguza makali. Mtu huyo akinywa mubirizi, mwili na mti vinasaidiana, anapata nafuu, na sifa zote zinakwenda kwa mti. Mtoto mdogo bado mwili wake haujajifunza. Mjamzito naye kinga yake hupungua. Hata mtu mzima aliyeishi miaka mingi mahali pasipo na malaria nyingi, mathalani aliyekaa Ulaya au kwenye nyanda za juu zenye baridi, akirudi ziwani anakuwa kama mtoto. Wenzangu mnaohunguka kutoka mbali, hili linawahusu.

Maneno ya daktari niliyapata baadaye yakiwa na tarakimu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Uganda, ambako wagonjwa 41 wenye malaria isiyo kali, wote wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, walitibiwa kwa mubirizi. Siku ya 14, asilimia 67 walikuwa wamepata nafuu ya kuridhisha, na hakukuonekana madhara makubwa. Hapo mama yangu angepiga vigelegele. Lakini kati ya hao waliopata nafuu, ni asilimia 32 tu ambao damu yao ilisafika kabisa, na wengi wa hao waliosafika, vimelea vilionekana tena baadaye. Yaani wengi walijisikia wazima, huku malaria imo.

Kumbuka pia kwamba watoto wadogo hawakuwemo. Na walikuwa chini ya macho ya wahudumu, si juu ya lori la mawese kati ya Mugina na Kigoma.

Sasa nirudi kwenye swali la mama: uchungu ukioshwa, kinatibu nini? Amegusa penyewe. Dawa imo katika uchungu, na uchungu haufanani mti kwa mti. Jani changa si sawa na jani lililokomaa, la kiangazi si sawa na la masika, lililokaushwa juani si sawa na lililochumwa leo. Mama akitwanga kiganja kimoja, hakuna anayejua ameweka dawa kiasi gani. Linganisha na kidonge cha mseto kinachotumika sana pande zote za mpaka: kila kimoja kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini, na mgonjwa anameza mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, idadi ya vidonge ikifuata uzito wake. Kimoja kinaua haraka lakini hakikai mwilini. Kingine kinakaa siku nyingi kumalizia masalia. Ndiyo maana vimefungwa pamoja. Anayemeza siku moja na nusu, akajisikia mzima, akamwekea jirani vidonge vilivyobaki, amefanya kosa langu lile lile la Jumapili.

Wapo wanaosema kwamba kuukosoa mubirizi ni kuidharau asili yetu na kuwatumikia wenye viwanda. Hoja hiyo naiheshimu, maana nimewahi kuitoa mimi mwenyewe kwa sauti kubwa. Lakini tazama sindano iliyomwokoa binti yangu. Artesunate asili yake ni jani: artemisia, mmea wa Kichina ambao watu wa huko waliuandika kama dawa ya homa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Bibi mmoja wa Kichina, Tu Youyou, alisoma maandishi hayo ya kale, akagundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba dawa iliyomo haitoki vizuri kwa moto mkali, akaitoa kwa njia isiyo ya kuchemsha, akaipima kwa wanyama, kisha akainywa yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwinini nayo ni gamba la mti, na mti huo unalimwa ng'ambo ya pili ya Ziwa Kivu, jirani na Bukavu. Hakuna aliyeidharau mimea hiyo. Waliiheshimu kiasi cha kuipima.

Nasema hivyo kwa sababu siku hizi mipakani nauona pia mzigo wa majani makavu ya artemisia, yanayouzwa kama chai ya kutibu na kuzuia malaria. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi hayo. Chai haina kipimo, na kipimo kidogo kinaweza kuvifundisha vimelea kuizoea dawa ile ile tunayoitegemea. Hofu hiyo si ya mbali. Mwaka 2020 watafiti walithibitisha nchini Rwanda kuwepo kwa vimelea vilivyoanza kustahimili artemisinini, na mwaka 2021 vikaripotiwa kaskazini mwa Uganda. Klorokwini tuliipoteza hivyo hivyo, tukitazama.

Je, basi tuung'oe mubirizi? Sijaung'oa. Kwa tumbo lililovurugika, kwa mtu mzima aliyekosa hamu ya kula, wengi wanaona unawasaidia, na ushahidi wa minyoo ya sokwe unatia moyo. Majaribio kwa wanyama yameonyesha pia kwamba unashusha sukari ya damu. Hiyo ni habari njema na mbaya kwa pamoja: anayemeza vidonge vya kisukari akaongeza na mubirizi bila kumwambia daktari wake, sukari inaweza kuanguka ghafla. Mjamzito asiuguse kabisa. Baadhi ya wakunga wa jadi wa ukanda huu wameutumia kuharakisha uchungu wa kuzaa, na hapo utajua unaweza kufanya nini kwa mimba ya miezi minne.

Kwa wenzangu wa mizigo, nina machache ya kuwaomba. Homa ikikupata safarini, pima kwanza. Kipimo cha haraka ni tone la damu na robo saa, na kinapatikana kwenye vituo vingi pande zote mbili. Ukikutwa na malaria, meza dawa yote, baada ya chakula chenye mafuta kidogo, kwa sababu lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi ikikutana na mafuta. Na wauza mawese hamwezi kuniambia mafuta yamewaishia. Ukikutwa huna malaria, usinunue dawa yake; tafuta homa inatoka wapi. Na kama umeacha mtoto nyumbani na unapigiwa simu kwamba anatapika kila kitu, au hawezi kukaa, au anapumua haraka, au viganja vimekuwa vyeupe, au mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, usiseme "mpeni siku mbili". Sema aondoke sasa hivi, usiku huo huo.

Binti yangu sasa ananifikia begani. Hakumbuki chochote cha usiku ule, isipokuwa anasema anakumbuka pikipiki. Mama yangu hakukubali mara moja. Kwa miezi kadhaa aliamini kwamba ni sindano iliyomfanya mtoto awe mweupe. Lakini mjukuu mwingine alipopata homa mwaka uliofuata, ni yeye aliyemwambia mke wangu, "Kwanza kidole." Walipokuwa kituoni, yeye alibaki nyuma ya nyumba akitwanga majani yake, kwa ajili ya hamu ya kula, alisema.

Yule mama wa sokoni naye nilimweleza habari yote, nimechuchumaa kando ya gunia lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema yeye hauzi uongo, anauza majani, na wanunuzi hawamuulizi. Nikamwomba basi ruhusa nimwandikie kibao. Nikachukua kipande cha boksi la sabuni, nikaandika kwa kalamu nene: MTOTO MWENYE HOMA APIMWE KWANZA. Akakiegemeza kwenye mfuko wa wanaovuka.

Wiki iliyofuata nilipita tena. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi imelowa, na mama yule alikuwa amekikalia.

Nikamwandikia kingine.